Mshale Nyuma ya Saa

Fundi wangu wa saa ana kibanda upande wa chini wa River Road, Nairobi, kimebanwa kati ya duka la vifuniko vya simu na ngazi ambazo sijawahi kumwona mtu akizipanda. Ana ubao mmoja wa kufanyia kazi, taa moja, na vikombe vya plastiki vilivyojaa skrubu ndogo kama mbegu za mchicha. Mwaka wa sita huu nampelekea saa zangu. Hajawahi kuniuliza mtu mwenye mkono mmoja wa kushoto anafanya nini na saa kumi na moja.

Siku hiyo nilimpelekea ya kumi na mbili. Akabana lenzi yake jichoni, akaigeuza saa, akausoma mgongo wake polepole, kama askari anayesoma kitambulisho cha mgeni.

"H. S. Mshale. Tisa. Hii ni nini, kijana?"

Nikamjibu bila kufikiri. Nikamwambia hiyo ni saa ya rubani Mwingereza, ilikuwa huku kwetu wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, iliruka na ndege za mabomu juu ya misitu ya milima ya Nyandarua.

Nilisema kwa fahari. Nadhani hata nilitabasamu.

Mzee huyu kwao ni Othaya, chini ya Nyandarua hiyohiyo. Aliitoa lenzi jichoni, akaifuta kwa ncha ya koti lake la kazi, akaitazama saa kwa macho matupu.

"Na ukailipia," akasema.

Kisha akaniambia nirudi baada ya wiki mbili, akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Sentensi tatu za muuzaji

Mnaonisoma hapa mnaujua ugonjwa wangu. Nakusanya kronografu, yaani saa zenye kipimamuda ndani yake, za marubani wa kijeshi, zile zilizogawiwa na serikali na kutiwa saini. Za dukani, alizojinunulia rubani mwenye hela zake, siziangalii. Nilianza na Seiko 7A28, saa ya betri waliyopewa marubani wa RAF, jeshi la anga la Uingereza, kuanzia 1984. Wakusanyaji wengi huikunjia pua kwa sababu ya hiyo betri. Mimi naivaa kila Jumatatu.

Kinachonivuta ni kwamba hakuna aliyeziunda saa hizi ili zipendeze. Wafaransa, miaka ya 1950, waliandika masharti ya saa waliyoiita Type 20: uso mweusi, namba zinazong'aa gizani, isikosee zaidi ya sekunde 8 kwa siku, na ukibonyeza kitufe cha chini akrabu ya kipimamuda irudi sifuri na kuanza tena papo hapo, bila kusimamishwa kwanza. Breguet, Dodane, Auricoste na Vixa wakatoa saa zinazofanana kama watoto wa shule moja waliovaa sare. Jeshi la Ujerumani Magharibi lilipata Heuer 1550 SG, pana milimita 43, na kwenye uso wake kiduara chekundu chenye 3H, yaani onyo kwamba humo mna tritiamu, kitu chenye mnururisho kinachofanya namba zing'ae.

Zote zimepigwa chapa mgongoni kama ng'ombe wa serikali.

Waingereza walitaka kitu rahisi zaidi. Kampuni ya Lemania ya Uswisi iliwauzia, tangu miaka ya 1940, kronografu yenye kitufe kimoja tu. Bonyeza, inaanza. Bonyeza, inasimama. Bonyeza, inarudi sifuri. Huwezi kuisimamisha ukanywa chai kisha ukaiendeleza pale ilipoachia. Ikisimama imesimama, kinachofuata ni sifuri. Hiyo ndiyo niliyoitamani miaka minne.

Wiki nilipokuwa na pesa, Lemania tatu zilikuwa sokoni Uingereza. Mbili zilikuwa na picha na bei. Ya tatu ilikuwa na picha, bei, na sentensi tatu: mwenyewe alikuwa rubani, alihudumu Kenya mwaka wa 1953, alishiriki katika operesheni dhidi ya magaidi wa msituni. Hakukuwa na hati yoyote. Wala jina, wala daftari la safari zake za ndege.

Ya tatu ilizizidi wenzake bei kwa karibu robo.

Nikachukua hiyo. Binamu yangu aliipokea Leicester, akaja nayo Desemba ndani ya soksi.

Rudi uisome sentensi ya tatu ya muuzaji. Mmoja wa hao "magaidi wa msituni" alikuwa kaka yake cucu yangu, bibi mzaa baba, na nililijua hilo vizuri nilipokuwa nalipa.

H. S. Mshale. Tisa.

Nilidhani neno la fundi lingeniisha njiani, kabla matatu haijafika Ngara. Halikuisha. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mkusanyaji hufanya akibanwa: nikaanza kukagua. Kama saa ilikuwa kweli Nyandarua, basi angalau niwe na uhakika.

Mshale ni rahisi. Ni alama ya mali ya Serikali ya Uingereza, ya tangu karne nyingi. Iligongwa kwenye mizinga, mahema, hata kwenye nguo za wafungwa. Mali ya mfalme, usiguse.

Herufi ndizo zilizoniumbua. Saa za jeshi la anga la Uingereza za enzi hizo huwa na nambari ya ghala inayoanza na 6B. Saa maarufu ya wanamaji-anga wake, Mark 11, waliyoitengeneza IWC na Jaeger-LeCoultre, imeandikwa 6B/346. (Ndiyo, nimesema "wanamaji-anga". Nimekosa neno zuri la yule mtu anayekaa nyuma ya rubani na ramani na kumwambia pinda hapa. Mwenye nalo anitumie.) HS, kwa upande wake, hutoka kwa idara ya haidrografia (upimaji wa bahari) ya jeshi la majini, ile iliyokuwa ikitunza saa za manowari. Saa yenye HS, mshale na 9 ni ya baharini: ilienda kwa marubani wa ndege zinazorukia kwenye meli.

Na haya nilikuwa nayajua. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mwingine angenionyesha picha ya mgongo ule ningemwambia "jeshi la majini" kabla hajamaliza kufungua mdomo. Lakini kwa saa yangu mwenyewe nilijitungia utetezi: labda ilihamishwa kutoka jeshi moja hadi jingine. Ni kweli zilikuwa zikihamishwa. Ila saa iliyohamishwa mara nyingi utaona chapa ya kwanza imekwaruzwa mstari na mpya ikagongwa pembeni. Yangu haina hata mkwaruzo.

Nikageukia ndege. Walioshambulia misitu yetu kutoka angani walikuwa hasa RAF. Kwanza zilikuja Harvard, ndege za mafunzo zilizoletwa 1953 kutoka Rhodesia ya Kusini, zikakaa Thika kisha Mweiga, kila moja ikibeba mabomu madogo ya kilo tisa hivi na bunduki. Halafu, kuanzia Novemba 1953, Lincoln, ndege kubwa zenye injini nne, zilizopaa kutoka Eastleigh na mabomu ya zaidi ya kilo 200 na mengine ya zaidi ya kilo 400. Vikosi vilipokezana hadi 1955. Kiwanja kile cha Eastleigh leo kinaitwa Moi Air Base. Ukienda kununua mapazia mtaani hapo, ukuta wake hauko mbali. Jeshi la majini halimo kwenye orodha.

Kwa dakika kama ishirini nilipata tumaini. Nilikumbuka kwamba wanamaji wa Uingereza waliwahi kuwa na vituo vya ndege huku, na wakavipa majina ya ndege wetu: HMS Kipanga pale Port Reitz, Mombasa, na HMS Korongo hapa Nairobi. Nikaona nimeshaipata! Lakini vituo hivyo vilikuwa vya Vita vya Pili, vya kumwogopa Mjapani katika Bahari ya Hindi, na vilikuwa vimefungwa zamani kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Msumari wa mwisho ulikuwa usoni. Juu ya saa sita kuna herufi T ndani ya duara. Maana yake ni tritiamu, na alama hiyo ni ya kuanzia miaka ya 1960, pale jeshi lenyewe lilipoanza kuondoa kwenye saa zake rangi ya radiamu, ile ya zamani yenye mnururisho mkali zaidi. Hata uso wake haukuwa uso wa 1953.

Moyo

Niliporudi River Road mzee alikuwa ameifungua. Mashine ilikuwa wazi juu ya kitambaa cheupe, na alikuwa ameinama kupuliza vumbi usoni mwa saa.

"Usipulize!" nikapiga kelele, mpaka muuza vifuniko akachungulia.

Ni woga nilioupata kwenye saa nyingine. Watu hudhani saa ya kale ikiacha kung'aa, radiamu imekufa. Kilichokufa ni salfaidi ya zinki iliyochanganywa nayo, ile inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600. Iko palepale, na unga wake hautakiwi kuingia mapafuni. Ndipo nikaikumbuka ile T. Tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo. Ya kwenye saa hii imebaki kama harufu tu. Nikamwambia mzee apulize. Alicheka mpaka akakohoa.

Akanivuta niangalie kwa lenzi. Nilitaka siku nyingi kukiona kitu hiki kikifanya kazi kutoka ndani. Ukibonyeza kitufe, kidole cha chuma kinavuta gurudumu dogo lenye nguzo, kama kinu cha kuchezea, nalo linasogea jino moja. Nguzo zikisogea, mkono mmoja unaanguka kwenye nafasi na mwingine unanyanyuliwa, gurudumu la kati linashikana na lenzake, na akrabu ndefu inaanza kutembea. Bonyeza la pili, breki inashika. Bonyeza la tatu, nyundo inapiga kipande kilichofungwa kwenye mhimili wa akrabu, na kipande hicho kina umbo la moyo. Wala si kwa urembo. Umbo hilo, nyundo ikiligonga popote pale, huteleza hadi mahali pamoja tu, kwenye ile bonde lake, na hapo ndipo sifuri.

Mzee alinibonyezea mara nne au tano. Tak. Tak. Tak.

"Mzee," nikasema, "ile hadithi niliyokwambia ni ya uongo. Saa hii ni ya jeshi la majini. Haikuwahi kuruka Nyandarua."

Aliendelea kufunga skrubu.

"Kwa hiyo sasa umefurahi?"

Sikuwa na jibu. Nikalipa, nikatoka, nikatembea hadi Railways nikiwa sijui nafanya nini.

Huzuni

Sikufurahi. Hilo ndilo lililonisumbua wiki tano sasa, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilihuzunika. Nilikuwa na saa safi, ya kweli, mashine yake haijachezewa, alama zake zote ni zake. Mkusanyaji yeyote angeshukuru. Na mimi nilikuwa nahuzunika kwa kuwa haikuwa mkononi mwa mtu aliyelipua msitu aliokuwamo mjomba wa baba yangu.

Nimejaribu kujitetea kwa njia mbili tatu. Nilijiambia ni ushindi: saa iliyomhesabia dakika yule sasa inanihesabia mimi, mjukuu, nikisubiri wali uive South B. Ilisikika vizuri kichwani. Lakini mshindi gani analipa robo ya ziada?

Halafu nikajiambia ni historia tu, kama mtu anayekusanya stempu. Hapana. Stempu haikuulizi ulikuwa upande gani.

Karibu na ukweli, nadhani, ni hili. Kwetu hakuna chochote cha yule mjomba. Hakuna picha wala kaburi. Kuna jina, ambalo alipewa binamu yangu huyuhuyu wa Leicester. Upande wa pili kila kitu kina nambari. Saa ina nambari, ndege ina nambari, bomu lina uzito ulioandikwa. Nikaona nikipata kitu kimoja kutoka upande ule, chenye nambari, basi na upande wetu utakuwa na pa kushika. Kwamba kitu chenyewe kingekuwa cha muuaji, hilo nililiona dogo.

Muuzaji nimemwandikia. Alijibu kwa upole kwamba hayo ndiyo aliyoambiwa na aliyemuuzia. Sikudai pesa.

Kwa Cucu

Jumamosi moja nilipanda gari hadi Nyeri nikiwa nimeivaa. Baba alikuwa amenionya kwa simu: "Hiyo saa usije nayo kwa mama yangu." Nilikuwa nimeshamweleza kwamba si yenyewe. Kwake haikuwa na tofauti.

Nyumba ya cucu iko ng'ambo ya Mweiga, ukielekea msituni. Ukipita barabara ile unaiona njia ya ndege ya Mweiga, nyasi na kimya. Harvard ikitoka hapo, kwa mwendo wa kama kilomita 220 kwa saa, ingekuwa juu ya miti kabla hujamaliza kumenya viazi vya chakula cha mchana.

Tuliongea Kikuyu; naandika hapa kile kilichokubali kuvuka. Aliiona saa hata kabla ya kukaa.

"Hii ni mpya?"

"Ni kuukuu, Cucu."

"Bei gani?"

Nikamtajia thuluthi ya bei.

"Huyo ni ng'ombe wa maziwa," akasema, "na ndama wake."

Akaniuliza kazi ya kitufe. Nikamweleza: rubani akiwa mawinguni haoni chini, kwa hiyo hutumia saa. Anajua kasi yake, anajua uelekeo, anabonyeza, anahesabu dakika nne, anapinda. Anahesabu mbili, anafika alikotaka. Nikamwambia pia, haraka haraka, kwamba saa hii yenyewe haikuwa huku. Ilikuwa ya baharini.

Hakushughulika na bahari. Alinyamaza akiishika ile saa kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika yai la kuku wa jirani.

"Kumbe walikuwa wakihesabu," akasema. "Mimi siku zote nilidhani wanatupa tu."

Akakibonyeza kitufe. Akrabu ikaanza kutembea.

Alikuwa na miaka kumi na moja hivi. Alisema mabomu hayakumbuki sana, maana yalikuwa mbali na mtu huzoea. Anakumbuka mama yake akihesabu mbuzi kila zilipopita. Anakumbuka mtaro. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kando ya msitu na kusimika humo mianzi iliyochongwa ncha, ili walio ndani wasitoke na walio nje wasipeleke chakula. Yeye na wasichana wenzake waliwapelekea wachimbaji maji. Mama yake alikuwa mmoja wa wachimbaji, akimchimbia mtaro mwanawe mwenyewe, na uji wa mwanawe ukiwa umefichwa chini ya majani ya malisho.

Na anakumbuka ndege iliyosema. Serikali ilifunga vipaza sauti kwenye ndege, ikawa inazunguka juu ya msitu ikiwaita wapiganaji wajisalimishe. Cucu alikuwa shambani. Sauti ya mwanamume ikashuka kutoka mawinguni, kwa Kikuyu safi, ikisema tokeni, hamtadhuriwa. Yeye alidhani inawaita wao. Akaacha jembe, akasimama katikati ya mahindi, mikono juu, peke yake, mpaka ndege ikapita.

Alicheka akisimulia hapo. Akanyanyua mikono kunionyesha, na saa yangu ilikuwa imening'inia kwenye kidole gumba chake.

Kisha akaniambia kuhusu kaka yake. Hayo sitayaweka hapa.

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya Nyandarua aliponirudishia saa na kuniuliza kama nitalala au nitarudi. Nikakibonyeza kitufe kusimamisha, nikaangalia. Kipimadakika cha Lemania hii ni kiduara kidogo upande wa kulia, na mwisho wake ni dakika 30. Ikifika huko inaanza upya bila kukuambia. Kilikuwa kinasoma 11.

Kumi na moja, au arobaini na moja, au zaidi. Chai kwenye vikombe vyetu ilikuwa imeota utando.

"Wamefika?" akauliza cucu.

Nikamwambia nitalala.